Maji ya Igawa, Nanga ya Rufiji

Msafiri wa barabara kuu ya Mbeya haifikirii bahari anapovuka mto Mbarali pale Igawa. Yumo Usangu, nchi ya mpunga na ng'ombe, jirani na Njombe iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi 2012. Lakini maji yapitayo chini ya daraja lile yanakuja kwetu. Mbarali huingia Ruaha Mkuu, Ruaha huingia Rufiji, na Rufiji hugawanyika matawi mengi kabla ya kukabiliana na Mafia. Katika matawi hayo madau, mashua na majahazi yametia nanga tangu zama za mababu.

Tuiandame mashua moja ndogo, siku ambayo kusi imelegea. Hung'oa nanga Kilindoni alfajiri, na nahodha wake hupima safari kwa maji kuliko kwa saa, kwani akichelewa kujaa atakwama fungu la mchanga. Karibu na mlango wa mto bahari hubadilika rangi, buluu ikawa hudhurungi. Baharia husimama omo na upondo, akitaja kina. Tanga hutuliwa, nanga ya makucha manne hutupwa (baura ni ya vyombo vikubwa), amari hunyooka, na mashua huelekeza omo wake kwenye mkondo. Maji yakianza kupwa, hugeuka yenyewe taratibu. Baadaye hukaa matopeni, imeinama ubavu kidogo, mikoko imesimama juu ya mizizi yake pande zote, na hapana sauti ila ya kaa.

Washairi wetu wameupenda mno utulivu wa bandarini. Mimi huusadiki nusu. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika utulivu huohuo, ikazamishwa humo Julai 1915. Naye Alan Villiers, baharia wa Australia aliyefika delta mwaka 1939 na jahazi la Kuwait, Bayan, aliona mahali pa mbu, joto na kazi nzito: mabaharia wakikata na kubeba boriti ndani ya tope, siku baada ya siku, ili nchi isiyo na miti ipate kuezeka nyumba. Shehena ile haikuwa ya Kuwait peke yake. Vyumba vya Mji Mkongwe, Unguja, ni vyembamba kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti.

Mkoko huishi panapokutana maji matamu na ya chumvi. Ndipo Igawa inaporudi. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na wakulima, wafugaji na watu wa umeme wamelaumiana sana; sikumbuki kumsikia nahodha akiulizwa neno. Tusitie chumvi: Ruaha huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, na Kilombero huchangia zaidi ya nusu. Tena, tangu Desemba 2022 maji ya mito yote miwili husimama kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, na tope ambalo lingeshuka hadi delta hutua humo.

Usiku, katika chumba chembamba cha mjini, mtu akilala chali huziona boriti zile juu yake, nyeusi kwa umri, na baadhi bado zina alama za shoka.