DNA na RNA za Msokoto wa Kushoto

DNA ya msokoto wa kushoto, ambayo wataalamu huiita Z-DNA, ni umbo la vinasaba ambamo nyuzi mbili za DNA huzungukana kwa upande ulio kinyume na ule wa kawaida. Mwenzake wa upande wa RNA huitwa Z-RNA. Maumbo haya hayadumu: hutokea kwenye vipande vifupi, hukaa kwa muda, kisha hurudi katika hali ya kawaida. Kwa muda mrefu wanabiolojia wengi waliyaona kuwa vioja vya maabara tu. Sasa inajulikana kwamba seli huyatumia kutambua virusi, na sehemu ya ushahidi huo imetoka kwa virusi vyenye uhusiano wa karibu na Afrika Mashariki, ikiwamo jenasi iliyopata nusu ya jina lake kutoka Mto Tana.

Umbo

Msomaji wa Tanga anacho tayari kifaa cha kuonea jambo hili: kamba ya mkonge. Ishike wima, utazame nyuzi zinazopita mbele yako. Zikipanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, msokoto ni wa kulia. Zikipanda kutoka kulia chini kwenda kushoto juu, ni wa kushoto. Hata ukiigeuza kamba juu chini, upande haubadiliki. DNA ya kawaida, iitwayo B-DNA, ambayo James Watson na Francis Crick waliieleza mwaka 1953 wakitegemea picha za eksirei za Rosalind Franklin, ni ya kulia. Wachoraji wa matangazo na majalada ya vitabu huikosea mara kwa mara, wakachora ya kushoto bila habari.

Kamba hiyohiyo inaonyesha nguvu inayoizaa Z-DNA. Funga miisho yake yote miwili, kisha uzungushe sehemu ya kati: upande mmoja utakaza, wa pili utalegea. Ndivyo inavyokuwa ndani ya seli. Kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA hujipenyeza kati ya nyuzi za DNA, na kinapokwenda, DNA iliyo mbele yake hukazwa na iliyo nyuma hulegezwa. Leroy Liu na James Wang walieleza jambo hili mwaka 1987. Kipande kilicholegezwa, kikiwa na mpangilio unaofaa wa besi, yaani herufi za jeni, humaliza mkazo wake kwa kugeukia kushoto. Kwa sababu hiyo mipangilio ya aina hii hupatikana kwa wingi karibu na mahali ambapo usomaji wa jeni huanza.

Mpangilio unaofaa kuliko yote ni wa besi za gwanini na sitosini zinazopokezana. Ili kugeuka, kila gwanini huzunguka kwenye kiungo chake na sukari, na kila sitosini huzunguka pamoja na sukari yake. Kwa kuwa hatua mbili zinazofuatana hazifanani tena, uti wa sukari na fosfati hupoteza mkunjo wake laini na kwenda zigizaga, na hiyo ndiyo asili ya herufi Z. Duru moja ya Z-DNA ina jozi 12 za besi katika urefu wa nanomita 4.5 hivi, B-DNA ina jozi 10.5 hivi kwa duru. Z-DNA ni nyembamba zaidi, kipenyo chake kikiwa nanomita 1.8 dhidi ya 2 za B-DNA. Badala ya mifereji miwili inayoonekana kwenye B-DNA, hubaki mmoja, mwembamba na wenye kina, na ule mwingine hufutuka ukawa mgongo. Pale ambapo msokoto wa kulia unakutana na wa kushoto, jozi moja huachana na besi zake mbili kutokezwa nje, kama ilivyoonekana katika fuwele mwaka 2005.

Z-DNA isichanganywe na DNA ya kioo, ambayo hutengenezwa maabara kwa sukari zilizogeuzwa. Sukari za Z-DNA ni zilezile za DNA yoyote. Kinachobadilika ni mkao.

Kutoka kwenye chumvi hadi kwenye seli

Mwaka 1972 Fritz Pohl na Thomas Jovin waliona kwamba DNA ya gwanini na sitosini ikitiwa katika maji yenye chumvi nyingi mno, jinsi inavyopokea mwanga hugeuka kinyume. Chumvi hupunguza kusukumana kwa fosfati, ambazo katika Z-DNA zimekaribiana sana. Miaka saba baadaye, Andrew Wang, Alexander Rich na wenzao huko Massachusetts, Marekani, walipata fuwele ya kipande cha jozi sita na kuipiga eksirei. Kila mtu angetarajia kuuona msokoto wa Watson na Crick ukithibitishwa, atomu kwa atomu. Wakakuta wa kushoto. Hivyo msokoto wa kwanza wa DNA kuonekana kwa undani huo katika fuwele ulikuwa ule ambao hakuna kitabu cha shule kilichoutaja. Z-RNA ilielezwa mwaka 1984. RNA yenye nyuzi mbili, ambayo kwa kawaida huwa ya kulia na ina jozi 11 kwa duru, ni ngumu zaidi kuigeuza.

Mashaka yaliyofuata yalikuwa ya haki. Seli haina chumvi ya kiwango hicho. Kingamwili zilipoonyesha Z-DNA kwenye kromosomu za nzi mwaka 1981, ilibainika kwamba matayarisho yenyewe ya sampuli, yaliyotumia asidi, yangeweza kuizalisha. Kilichobadili hali ni swali jipya. Badala ya kuuliza iwapo umbo hili lipo, Alan Herbert na Rich waliuliza ni protini ipi inayolishika, na mwaka 1995 wakaonyesha kwamba ADAR1 ndiyo mojawapo. Mwaka 1999 picha ya fuwele ilionyesha kipande chake kidogo, kiitwacho Z-alfa, kikiung'ang'ania uti wa Z-DNA. Kipande hicho hutambua zigizaga yenyewe, wala hakijali sana mfuatano wa herufi za jeni.

Kazi ya ADAR1 ni kubadili adenosini za RNA yenye nyuzi mbili kuwa inosini. Binadamu ana zaidi ya nakala milioni moja za vipande viitwavyo Alu katika vinasaba vyake. Viwili vilivyoelekeana vikinakiliwa pamoja, RNA yake hujikunja ikawa ya nyuzi mbili na kufanana na ya kirusi. ADAR1 huipunguzia mfanano huo. Protini ya pili yenye Z-alfa, ZBP1, ni mlinzi mkali. Ikishika Z-RNA, huamsha protini RIPK3, nayo huamsha MLKL, inayotoboa utando wa seli. Seli hufa kwa kupasuka, na kirusi hukosa mahali pa kuzaliana. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba kirusi cha mafua huzalisha Z-RNA inayoamsha njia hii. Mlinzi wa namna hiyo ana hatari zake: mabadiliko katika Z-alfa ya ADAR1 yamo miongoni mwa visababishi vya ugonjwa wa Aicardi-Goutières, unaoharibu ubongo wa watoto wachanga, na majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba ADAR1 ndiyo inayoizuia ZBP1 isishambulie seli za mwili wenyewe.

Virusi vya Tana, vya Kivu na vya papasi

Virusi navyo vimejipatia Z-alfa. Vaksinia, kirusi kilichotumika katika chanjo ya ndui, kina protini E3 yenye kipande hicho mwanzoni mwake. Mwaka 2003 watafiti walikiondoa na kuweka mahali pake Z-alfa ya mnyama. Kirusi kilibaki na ukali wake kwa panya. Walipoharibu uwezo wa kushika Z, ukali ulipungua. E3 hufunika Z-RNA kabla ZBP1 haijaifikia.

Hapa ndipo Mto Tana unapoingia. Mwaka 1957, na tena 1962, Wapokomo wa bonde la mto huo walipatwa na ugonjwa wa homa fupi na uvimbe kwenye sehemu moja au mbili za ngozi, uliopona wenyewe baada ya wiki kadhaa. Mlipuko wa 1957 uliambatana na mafuriko makubwa, na mbu walishukiwa kuueneza. Kirusi chake, tanapoksi, pamoja na ndugu yake aliyegunduliwa kwa nyani huko Yaba, Nigeria, kiliunda jenasi Yatapoxvirus: Ya ya Yaba, Ta ya Tana. Mwaka 2004 picha ya fuwele ilichapishwa ikionyesha Z-alfa ya E3 kutoka jenasi hii ikiwa imeshika Z-DNA, katika mkao unaokaribia sana ule wa ADAR1. Protini hiyo ilitoka kwa kirusi kingine cha jenasi hiyo, chenye vinasaba vinavyolingana na vya tanapoksi kwa zaidi ya asilimia 98. Ugonjwa ambao hata madaktari wengi wa pwani hawajawahi kuuona ukawa na jamaa katika vitabu vya biolojia ya molekuli.

Silaha hii hata hivyo si ya lazima. Kirusi cha mpox, ambacho aina yake mpya iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, baada ya mlipuko ulioanza mwaka 2023, kina protini inayolingana na E3 lakini imekatika asidi-amino 37 mwanzoni, upande huohuo wa Z-alfa. Hufidia kwa kuzalisha RNA kidogo yenye nyuzi mbili, hivyo huacha alama chache za kumwamsha mlinzi.

Homa ya nguruwe ya Afrika ni kisa kingine cha kwetu. Robert Montgomery aliieleza mwaka 1921 kutoka Kenya, ambako nguruwe walioletwa kutoka Ulaya walikufa kwa wingi, ilhali ngiri waliokuwa nacho kirusi hawakuugua. Papasi, kupe laini wa mashimo ya ngiri, ndio wanaokihifadhi kirusi hicho. Hakimo katika familia ya ndui, lakini mwaka 2022 protini yake I73R ilionekana kuwa na umbo la Z-alfa na uwezo wa kushika Z-DNA. Kirusi cha samaki aina ya kapu nacho kina kipande cha namna hii.

Nje ya virusi, utafiti wa 2021 ulionyesha kwamba DNA inayoshikilia tabaka la utelezi la bakteria hugeuka kuwa Z-DNA kadiri tabaka linavyokomaa, na katika hali hiyo vimeng'enya vya kukata DNA hushindwa kuivunja. Kwa upande wa saratani, dawa CBL0137 huilazimisha DNA kugeukia kushoto. Katika panya wenye uvimbe wa melanoma, mwaka 2022, iliamsha ZBP1 kwenye seli zinazouzunguka uvimbe, na uvimbe uliokuwa haujali tiba ya kinga ukaanza kuitikia.