New Orleans, Mji wa Mipango Mitatu

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, viongozi walikuwa bado wanavutana juu ya namna ya kuyarudisha majimbo ya Kusini yaliyoasi. Mvutano huo ulionekana waziwazi New Orleans, bandari kubwa ya Louisiana kwenye Mto Mississippi.

Majeshi ya Muungano, yaani upande wa serikali kuu, yaliuteka mji huo mapema, mwaka 1862. Kwa hiyo Rais Abraham Lincoln alipotangaza mpango wake tarehe 8 Desemba 1863, Louisiana ikawa uwanja wa majaribio. Masharti yalikuwa mepesi: watu wanaofikia asilimia 10 ya waliopiga kura mwaka 1860 wakishaapa utii, jimbo liunde serikali mpya. Lincoln alitaka waasi washawishike kuweka silaha chini. Michael Hahn akachaguliwa gavana, na katiba ya 1864 ikafuta utumwa, lakini kura ikabaki ya wazungu.

Watu weusi wa mji hawakukaa kimya. Wengi walikuwa huru tangu kabla ya vita, mafundi na wafanyabiashara waliosema Kifaransa. Machi 1864 wajumbe wao wawili, Jean Baptiste Roudanez na Arnold Bertonneau, walimkabidhi Lincoln ombi la haki ya kura lenye sahihi zipatazo 1,000. Siku iliyofuata Lincoln alimwandikia Hahn barua ya faragha, akipendekeza baadhi ya weusi wapewe kura, hasa wenye elimu na waliopigana jeshini. Huo ulikuwa ushauri, si amri, nao haukufuatwa.

Katika Bunge la Marekani, Benjamin Wade na Henry Winter Davis waliuona mpango wa Rais kuwa mlegevu. Muswada wao wa Julai 1864 ulidai viapo vya zaidi ya nusu ya wapiga kura wazungu. Lincoln hakuutia sahihi, na Bunge nalo likakataa kuwapokea wabunge wa Louisiana. Hata hivyo, muswada huo pia haukuwapa weusi kura.

Lincoln akauawa Aprili 1865. Mrithi wake, Andrew Johnson, alitoa msamaha kwa wingi na kuyaachia majimbo yajiamulie yenyewe. Waliokuwa viongozi wa uasi wakarudi madarakani Louisiana, wakatunga sheria za kuwabana wafanyakazi weusi mashambani.

Tarehe 30 Julai 1866, watetezi wa kura kwa wote walikutana katika jumba la Mechanics' Institute. Weusi, wakiwemo askari wa zamani wa Muungano, waliandamana kuelekea huko kwa ngoma na bendera ya Marekani. Polisi na genge la wazungu wakawavamia, wakaingia ukumbini na kuwapiga risasi hata waliosalimu amri. Waliouawa walizidi 30, karibu wote weusi. Majeruhi walizidi 100.

Mauaji hayo yaliishtua Kaskazini, na wapinzani wa Johnson wakashinda kwa kishindo uchaguzi wa Bunge. Machi 1867 Bunge likaiweka Kusini chini ya jeshi na kuwapa wanaume weusi kura. Katika jumba lilelile, wajumbe weusi na weupe wakaandika katiba ya 1868, iliyofungua shule za umma kwa watoto wa rangi zote. Oscar Dunn, aliyezaliwa mtumwa, akawa naibu gavana.

Mpango huu wa tatu, wa Bunge, uliofuata ule wa Lincoln na ule wa Johnson, ndio uliokuwa wa haki, kwa kuwa uliwahesabu waliokombolewa kuwa raia. Haukuanguka kwa kudai mengi mno. Ulianguka kwa sababu magenge yenye silaha yaliupiga vita mfululizo, na mwaka 1877 serikali kuu ikaacha kuwatumia askari wake kuulinda. Katiba ya Louisiana ya 1898 ikawanyang'anya weusi kura, na ni mwaka 1965 ndipo sheria ya nchi ilipoirudisha kwa nguvu. Taifa lilipatana na waasi wake upesi, na gharama ya mapatano hayo wakaibeba wale waliokuwa waaminifu kwalo.