Maji Yasiyolowesha

Mwaka 1991 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa gemu ya Sonic the Hedgehog, na humo mlikuwa na ramani iitwayo Labyrinth Zone, magofu yaliyozama nusu. Mashine ya Mega Drive ilikuwa na nafasi ya rangi 64 tu kwa wakati mmoja, na kuchora kitu kinachopenya mwanga kulikuwa nje ya uwezo wake. Waundaji wakaitegemea televisheni. Runinga za wakati ule zilichora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Mstari ulipofika usawa wa maji, programu iliikatiza mashine kufumba na kufumbua, ikaibadilishia rangi, kazi ikaendelea: juu rangi za nchi kavu, chini rangi za kilindini. Penye mshono wakapachika viwimbi ili jicho lisione mkato.

Historia ya maji ya gemu husimuliwa kama safari ya kuelekea uhalisia, kila mashine mpya na bahari nzuri kuliko ya jana. Mimi naiona zaidi kama historia ya kuchagua ni uongo gani utapita.

Mwaka 1996 id Software ya Texas ilitoa Quake, ulimwengu wa pande tatu kamili. Kwa mchora ramani, kutengeneza dimbwi kulikuwa rahisi ajabu: picha ya uso ikipewa jina linaloanza na alama ya nyota, programu ilijua hicho ni kimiminika, na picha ikaanza kuyumba kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Lakini chini hukuona kitu. Kompyuta hazikumudu kukokotoa papo hapo nini kinaonekana kutoka wapi, hivyo hesabu hiyo ilifanywa mapema, ramani ikiandaliwa, na uso wa maji ukahesabiwa kama ukuta. Mwaka uliofuata toleo la GLQuake liliruhusu maji maangavu. Walioyajaribu kwenye ramani za zamani wakakuta chini yake utupu, maana sakafu ya dimbwi haikuwahi kuhesabiwa kuwa inaonekana kutoka juu. Ilibidi ramani zikokotolewe upya.

Mawimbi yenyewe yalishapata hesabu zamani sana. Mwaka 1802 Franz Josef von Gerstner wa Prague alieleza wimbi ambamo chembe ya maji haisafiri, bali huzunguka duara palepale. Ndiyo maana vilele huchongoka na mabonde hutandazika. Karne mbili baadaye Cyan Worlds waliitumia hesabu hiyo katika Uru, gemu ya mwaka 2003.

Mwaka 2004 ikaja Half-Life 2 ya kampuni ya Valve, yenye mifereji mirefu ambayo mchezaji anaikatiza kwa boti. Hapa maji yaliakisi mbingu na kuonyesha yaliyo chini, na gharama yake ilikuwa kubwa: mandhari ilichorwa mara ya kwanza kama kawaida, mara ya pili kana kwamba kamera iko chini ya uso ikitazama juu, mara ya tatu kwa ajili ya vilivyozama. Kisha picha hizo zilichanganywa kwa kufuata pembe ya jicho, kwani ukiyatazama maji kwa mbali huakisi, ukiinama juu yake hupenya. Kwa sababu ya gharama hiyo, mchora ramani alitakiwa kuhakikisha panaonekana usawa mmoja tu wa maji kwa wakati. Kwa hiyo ramani nazo zilijengwa kwa kuyatii maji.

Kilichobaki ni mkondo. Alex Vlachos wa Valve alieleza mwaka 2010 jinsi walivyofanya katika vinamasi vya gemu ya Left 4 Dead 2. Msanii huchora mwelekeo wa maji kwenye picha, na viwimbi huburutwa kuufuata. Vikiburutwa mno huvutika na kuharibika, hivyo huwekwa tabaka mbili: moja ikififia na kurudi mwanzo, nyingine iko katika nguvu zake. Ila hapo uso wote ukaanza kupwita kwa pamoja, kama kitu kinachopumua. Dawa ikawa kuvuruga saa, kila sehemu irudi mwanzo kwa wakati wake. Kwangu huo ndio ufundi mtamu kuliko yote haya.

Hata hivyo, kati ya maji hayo yote hakuna unayoweza kuyachota. Kwa hilo nenda kwenye gemu ya Minecraft, yenye maji ya miraba yasiyomdanganya mtu yeyote. Yanateremka, yanafuata mfereji uliochimba, yanasambaa miraba 7 kwenye tambarare kisha yanakoma. Tena ukichimba shimo la miraba miwili kwa miwili, ukamimina ndoo mbili kwenye pembe zinazokabiliana, utachota daima bila kupungua. Kisima cha namna hiyo halmashauri yoyote ingekitamani.