Simu ya Kanisani

Mwaka 1935 mjini Lincoln, Uingereza, kasisi kijana wa Kianglikana, Chad Varah, alimzika binti mdogo aliyejiua. Binti huyo alikuwa ameanza hedhi, akadhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, wala hakuwa na wa kumuuliza.

Varah hakumsahau. Novemba 1953, akiwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Stefano, Walbrook, jijini London, alifungua huduma ya simu kwa waliokata tamaa. Wengi walifika wenyewe. Walipokuwa wakingoja zamu, watu wa kujitolea waliwapa chai na kuwasikiliza; baadhi wakaondoka wametulia hata kabla ya kumwona kasisi. Varah hakuona wivu: mwaka 1954 aliwakabidhi hao kazi ya kusikiliza, naye akabaki kuwasimamia. Ndio Wasamaria wa leo.

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Leo washauri nasaha hupatikana ofisini, kwa simu na kwenye intaneti. Kuwaendea si upungufu wa imani. Basi, anayetujia akiwa amelemewa, tusali naye, kisha tumsindikize hadi kwa mshauri.