Jiwe la Shinkolobwe na Ugonjwa wa Kansa

Mkimwuliza kijana wa Likasi habari za Shinkolobwe, atawajibu: "Ndiko yalikotoka mawe ya bomu." Ni kweli. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, ilichimbwa huko. Lakini zaidi ya miaka 20 kabla ya bomu, mawe yale yale yalitafutwa kwa ajili ya wagonjwa, na habari hiyo ni wachache waijuao.

Mwaka 1898, mjini Paris, Bibi Marie Curie, mzaliwa wa Poland, pamoja na mumewe Pierre, walivumbua radiumu. Ni madini yatoayo miali isiyoonekana kwa macho. Waganga wakatambua kwamba miali hiyo huua nyama mbaya ya kansa. Wakatia radiumu kidogo ndani ya sindano za metali, wakaziweka karibu na ugonjwa, hasa kwa kansa ya mlango wa kizazi. Mama aliyekwisha kukatiwa tamaa aliweza kupona.

Shida ilikuwa kuipata. Tani 3 za uraniumu huwa na gramu 1 tu ya radiumu! Mwaka 1921 akina mama wa Marekani walichanga dola 100,000 ili Bibi Curie apewe gramu moja. Hospitali ipi ingeweza bei hiyo?

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja wa Union Minière, Robert Sharp, aliyakuta mawe ya Shinkolobwe, yenye uraniumu nyingi ajabu. Watu wetu wakayachimba, wakayachambua kwa mikono, nayo yakasafirishwa kwa treni na meli hadi Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda kilianza kutoa radiumu mwaka 1922. Viwanda vya Marekani vikashindwa, vikafungwa. Bei ikashuka, ingawa si sana: Union Minière ilikuwa imebaki karibu peke yake sokoni, na biashara ni biashara.

Mwaka 1929 Bibi Curie alirudi Marekani. Rais Hoover akamkabidhi hundi ya dola 50,000, michango ya watu, kwa ajili ya hospitali ya kansa ya Warsaw. Safari hii gramu ile ilinunuliwa Ubelgiji, kwa nusu ya bei ya kwanza. Tazameni basi: fedha ya Marekani, elimu ya Ufaransa, kiwanda cha Ubelgiji, wagonjwa wa Poland, na jiwe la Katanga. Hospitali ikafunguliwa mwaka 1932.

Siku zile zile Shirika la Mataifa, huko Geneva, liliwaita waganga wa Paris, Stockholm na Munich walinganishe matibabu yao. Kila mahali wagonjwa wahesabiwe kwa namna moja, ijulikane ni wangapi wangali hai baada ya miaka 5. Zile hatua nne za kansa ya mlango wa kizazi ambazo waganga huzitaja hata leo zilianzia katika kazi hiyo. Kisha mwaka 1933, mjini Madrid, mataifa yakaunda umoja wa kupigana na kansa.

Katika habari hizo zote nimesoma majina ya miji mingi. Mji wetu sikuuona. Bibi Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliotokana na miali. Na wale waliochambua mawe kwa mikono, nani aliwapima damu?

Siku hizi radiumu imeachwa, zinatumika mashine nyingine. Mwaka 2007 Zambia ilifungua hospitali ya kansa mjini Lusaka, ikisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mwaka 2022 shirika hilo lilianza mpango mpya wa kuzisaidia nchi zenye upungufu, na Kongo yetu ilikuwa kati ya zile za kwanza.

Mwaka 2018 nilimsindikiza mama mmoja wa parokia yetu hadi Kasumbalesa, akielekea Lusaka kutibiwa kwa miali. Malori ya shaba yalikuwa yamejaa barabarani, tukangoja tangu asubuhi hadi alasiri. Ili kupitisha saa nikamsimulia habari hizi. Kumbe babu yake alikuwa mchimbaji wa Shinkolobwe. Akasema mzee hakupata kuwaeleza mawe yale yalikwenda kufanya kazi gani, naye hakuambiwa.