Jirani Mkubwa na Mfereji wa Panama

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za jirani mkubwa na jirani mdogo, nao ni Marekani na Panama.

Mwaka 1823 Rais James Monroe wa Marekani alitangaza kwamba mataifa ya Ulaya yasijitwalie tena makoloni katika bara la Amerika. Nchi nyingi za huko zilikuwa zimetoka karibuni tu katika utawala wa Hispania, na maneno hayo yalikuwa kama ngao kwao. Lakini mwenye kukushikia ngao aweza pia kukuzuilia njia.

Panama ni shingo nyembamba ya nchi iliyo kati ya bahari mbili kubwa, Atlantiki na Pasifiki. Zamani ilikuwa jimbo la Kolombia. Marekani ilitaka kuchimba mfereji hapo, ili meli zisizunguke ncha ya kusini ya bara. Mwaka 1903 Baraza la Kolombia likayakataa mapatano. Tarehe 3 Novemba mwaka huo huo Panama ikajitenga, na manowari za Marekani zikaizuia Kolombia isiirudishe kwa nguvu. Siku 15 baadaye mkataba ukatiwa sahihi Washington. Aliyetia sahihi kwa ajili ya Panama alikuwa Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla. Wajumbe waliotoka Panama yenyewe walikuwa wangali njiani. Marekani ikapewa kipande cha nchi chenye upana wa maili 10, ikitawale milele, kwa dola milioni 10, kisha dola 250,000 kila mwaka.

Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, nao ukaleta faida kubwa kwa biashara ya dunia. Lakini Wapanama waliona nchi yao imekatwa vipande viwili, na bendera ya wengine inapepea katikati. Januari 1964 wanafunzi wao walikwenda kuipandisha bendera ya Panama mahali hapo. Ghasia zikazuka, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Bandu bandu huisha gogo. Tarehe 7 Septemba 1977 Rais Jimmy Carter na Jenerali Omar Torrijos walitia sahihi mapatano mapya, na tarehe 31 Desemba 1999 mfereji ukakabidhiwa Panama.

Basi, utawala ulioandikwa kuwa wa milele haukutimiza hata miaka mia. Mapatano ambayo mwenye nyumba hakuulizwa hayadumu, hata yakilindwa na manowari.