Jina la Hadithi za Sayansi

Huenda ukadhani, msomaji, kwamba hadithi za watu wasafirio mwezini na mitambo isemayo zilizaliwa na jina lake. Sivyo. Mwingereza H. G. Wells aliziandika tangu miaka ya 1890, na jina zilizoitwa huko kwao wakati huo halikudumu.

Mwezi wa Aprili 1926, Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alitoa gazeti la Amazing Stories, lililochapisha hadithi hizo tu. Akaziita “scientifiction”, yaani sayansi na ubunifu vimebanwa katika neno moja. Lo, jina zito kulitamka! Mwaka 1929 gazeti lilimtoka mkononi kwa ajili ya madeni. Alipoanzisha jingine alishika jina la “science fiction”, nalo likakaa.

Lakini alikuwa amefanya jambo kubwa kuliko hilo: alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wakaandikiana, wakaunda vyama, na tangu hapo jina halikuwa tena mali ya mwenye gazeti peke yake.

Mwaka 1954 mmoja wa wapenzi hao, Forrest J Ackerman, alibuni “sci-fi”, akiigiza “hi-fi”, jina la vyombo vya kupigia santuri kwa sauti safi. Magazeti na watu wa sinema wakalidaka. Wapenzi wengi wa zamani walichukia, kwa kuwa lilibandikwa filamu hafifu za madude ya kutisha. Wao wakashikilia herufi mbili tu, “SF”. Je, utawacheka? Kumbuka kwamba wahakiki wengi hawakuzihesabu hadithi zao kuwa fasihi. Aliyezoea kudharauliwa huangalia sana jinsi aitwavyo.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhakiki Mmarekani, Mark Dery, alibuni “Afrofuturism”, akiwafikiria Wamarekani weusi. Nnedi Okorafor, mwandishi aliyezaliwa Marekani na wazazi Wanigeria, hakukubali kazi zake ziitwe hivyo. Mwaka 2019 akaeleza jina alilolichagua mwenyewe, “Africanfuturism”. Tofauti ni herufi chache, lakini hadithi anazozikusudia zina kitovu chake Afrika, wala hazingoji kupimwa kwa macho ya Marekani. Katika riwaya yake Lagoon, ya mwaka 2014, wageni kutoka angani hawashukii New York; washukia baharini, karibu na pwani ya Lagos.